Mzazi, kabla familia haijapanda boti mto Nile

Mpunga ukishauzwa na shule zikifungwa mwezi Juni, familia nyingi za Nyasubi hupeleka watoto kijijini kwa bibi, au kwa shangazi Mwanza. Lakini wapo wazazi ambao mwaka ukiwa mzuri, dukani au mgodini, hutamani watoto wavuke mpaka na kuona dunia. Kwa mkazi wa Kahama, safari ya mtoni nje ya nchi inayoweza kufikika kwa basi ni ile ya mto Nile, nchini Uganda.

Safari hiyo ina mvuto wake. Maji ya bomba yanayotumika Kahama huvutwa kutoka Ziwa Victoria, eneo la Ihelele, wilayani Misungwi. Ziwa hilohilo ndilo linalomwaga maji yake Jinja na kuanzisha Nile, mto wenye urefu wa takriban kilomita 6,650 unaoishia bahari ya Mediterania. Mtoto akielezwa hivyo akiwa ndani ya boti, somo la jiografia halitamtoka tena.

Wengi huchagua kati ya sehemu mbili. Ya kwanza ni Jinja, takriban kilomita 80 kutoka Kampala, ambako boti hupeleka wageni hadi mahali mto unapotoka ziwani. Ya pili ni Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Huko boti huanzia Paraa na kupandisha mto hadi karibu na maporomoko, mahali ambapo Nile yote hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Njiani kuna viboko, mamba na tembo wanaokuja kunywa maji.

Maandalizi ya familia nyingi huwa ni nauli, hoteli, nguo na simu zenye kamera nzuri. Hayo ni muhimu, lakini siyo yanayoamua kama watoto wote watarudi wazima. Yanayoamua ni mambo machache ambayo mzazi anapaswa kuyafanya mapema, na neno moja ambalo lazima awe tayari kulisema akiwa ufukweni.

Chanjo ya homa ya manjano

Uganda iko katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, ugonjwa unaoenezwa na mbu na usio na dawa ya kuutibu moja kwa moja. Anayeingia nchini humo akiwa na umri wa mwaka 1 au zaidi hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo, ambacho wengi wanakijua kama kadi ya njano. Tanzania nayo huitaka kadi hiyo kwa anayetoka nchi yenye hatari hiyo. Kwa hiyo familia itaihitaji wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea hesabu. Kadi haianzi kufanya kazi siku ya sindano. Huanza siku ya 10 baada ya chanjo, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Familia inayochanjwa Jumatano na kusafiri Ijumaa ina karatasi, haina kinga. Habari njema ni kwamba dozi moja inatosha, na tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambulika kimataifa kwa maisha yote.

Mzazi asidhani kadi ya kliniki ya mtoto inatosha. Chanjo ya homa ya manjano haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto hapa nchini. Ulizia mapema hospitali au ofisi ya afya ya mpakani ni kituo kipi kinaitoa na siku zipi, kwa kuwa si kila zahanati inayo.

Kabla ya sindano, mweleze mhudumu hali ya kila mwanafamilia. Chanjo hii haitolewi kwa mtoto mwenye umri chini ya miezi 6, na kwa kawaida huanza akiwa na miezi 9. Mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto mchanga, mtu mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye kinga dhaifu, na babu au bibi wa zaidi ya miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, wote wanahitaji ushauri wa daktari kwanza. Mtoto anayekaribia chanjo ya surua ya miezi 9 anaweza kupewa zote mbili siku moja. Zikitenganishwa, ziachane kwa wiki 4.

Kuna watu hununua kadi bila kuchanjwa. Kadi ya namna hiyo inaweza kumpita ofisa wa mpakani, lakini haimzuii mbu.

Hati na mkoba wa dawa

Kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, hata anayebebwa. Mzazi mmoja akisafiri na watoto bila mwenzake, ni busara kubeba nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, lakini ofisa anaweza kuuliza huyu mtoto ni wa nani.

Kadi ya bima ya afya ya NHIF imetengenezwa kwa ajili ya vituo vya hapa nchini. Familia itenge fedha ya matibabu, au inunue bima ya safari kabla ya kuondoka, na baba na mama wote wajue ilipo.

Mkoba wa dawa ubebwe mkononi, usiwekwe kwenye buti la basi. Uwe na dawa za kila siku za presha, kisukari, pumu au kifafa za kutosha siku zote za safari na siku chache za ziada, zikiwa kwenye vifungashio vyake. Uwe pia na dawa ya kushusha homa yenye kipimo cha mtoto, ORS na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuhara, kipimajoto, bandeji na sabuni.

Wapo watoto wanaotapika wakiwa ndani ya basi au boti. Mpe chakula chepesi kabla ya safari, mketishe katikati ya chombo ambako hakuyumbi sana, na mwambie atazame mbali, si kwenye simu. Dawa ya kichefuchefu yenye promethazine haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Kwa mkubwa kidogo, muulize mfamasia kipimo.

Mtoto mwenye selimundu anahitaji mpango wake. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wenye ugonjwa huu. Baridi ya alfajiri mtoni, uchovu wa safari ndefu na kukosa maji ya kunywa vinaweza kuamsha maumivu makali. Aonwe na daktari wake kabla ya safari, abebe sweta, na anywe maji mara kwa mara. Mtoto mwenye ualbino naye asitoke bila kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kwa sababu maji hurudisha mwanga wa jua na kumchoma hata akiwa chini ya kivuli cha boti.

Njiani kuelekea Mutukula

Kutoka Kahama, familia inaweza kupita barabara ya Ushirombo, Biharamulo, Muleba na Bukoba hadi mpaka wa Mutukula. Nyingine huenda kwanza Mwanza na kupanda meli ya usiku hadi Bukoba. Vyovyote iwavyo, usiivushe familia na kuipeleka Kampala kwa siku moja bila kulala. Watoto wakichoka na wakipungukiwa maji, huanza kuumwa kabla hata ya kuuona mto.

Mkoa wa Kagera na nchi ya Uganda vimepata milipuko ya magonjwa hatari miaka ya karibuni. Marburg iliripotiwa Kagera mwaka 2023 na tena Biharamulo Januari 2025. Ebola ilitangazwa Uganda Septemba 2022, kisha Kampala Januari 2025. Milipuko hiyo ilidhibitiwa, lakini inafundisha jambo moja: sikiliza tangazo la Wizara ya Afya wiki ya safari, si mwezi uliopita. Mipakani abiria hupimwa joto. Mtoto mwenye homa asifichwe kwa kupewa dawa ya kushusha joto ili apite. Aahirishe safari na apimwe.

Malaria si mgeni Shinyanga wala Geita, na Uganda nayo ina malaria nyingi. Kosa la wenyeji wa huku ni kudhani wameizoea. Beba chandarua chenye dawa kama hoteli haina, vaa mikono mirefu jioni, na paka dawa ya kufukuza mbu. Mtoto akipata homa akiwa huko, au ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo, na mhudumu aelezwe kwamba ametoka Uganda.

Murchison pia kuna mbung'o. Waliokulia karibu na mapori ya Bukombe na Biharamulo wanajua kuumwa kwake. Mdudu huyu huuma mchana na huvutwa na rangi nyeusi na ya bluu, hivyo sare ya bluu ya shule si vazi la kutembelea hifadhini. Rangi ya kaki au kijivu hafifu ni bora zaidi.

Jaketi la kujiokolea lina kipimo

Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kusimuliwa maana ya chombo kuzama. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Makaburi ya Igoma bado yanawakumbusha walio hai. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200.

Mtu anaweza kusema hivyo vilikuwa vyombo vya usafiri, siyo vya matembezi. Lakini miezi miwili tu baada ya ajali ya Ukara, Novemba 24, 2018, boti ya starehe ilizama upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, wilayani Mukono. Ilikuwa na watu waliokwenda kufurahi wikiendi. Zaidi ya watu 30 walikufa, na mamlaka za huko zilieleza kwamba boti ilizidisha abiria. Maji hayatofautishi anayesafiri na anayestarehe.

Kwa hiyo mzazi anapofika kwenye gati, kabla ya picha, akague jaketi. Kila mtu awe na la kwake, na mtoto awe na la mtoto. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto wa miaka 5, maji yatalipandisha juu naye atachomoka chini yake.

Kuna njia rahisi ya kupima. Mvalishe mtoto, funga kamba zote, kisha shika jaketi mabegani na uvute juu taratibu. Likipanda hadi masikioni au kidevu kikiingia ndani, ni kubwa mno. La mtoto mdogo linatakiwa kuwa na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisivuke kichwani. Angalia pia kama vifungo havijakatika na kama sponji ya ndani haijaoza.

Jambo moja halisemwi mara nyingi. Akina mama wengi huingia kwenye boti wakiwa na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitenge au mbeleko, kisha jaketi linavaliwa mbele au juu yake. Jaketi zuri humwelekeza mtu uso juu na mgongo chini. Mama akielea hivyo, mtoto wa mgongoni atakuwa chini ya maji. Mtoto asifungwe mgongoni ndani ya boti. Apakatwe mbele bila kufungwa, akiwa na jaketi lake. Na kama ni mchanga kiasi kwamba hakuna jaketi linalomtosha, boti ndogo haimfai. Abaki nchi kavu na mtu mzima mmoja.

Hesabu watu. Boti huwa na idadi iliyoruhusiwa, mara nyingi imeandikwa ubavuni. Watoto nao ni abiria: wahesabiwe, na majina yao yaandikwe kwenye orodha inayobaki nchi kavu. Mkiwa majini, watoto wakae, mikono isining'inie nje, na asiwepo wa kusimama upande mmoja kwa pamoja eti kiboko ametokea. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwatazama watoto tu, bila simu wala kinywaji, kisha wapokezane.

Mtoto akiopolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo kutoa maji. Alazwe chali, njia ya hewa ifunguliwe, apuliziwe pumzi, kisha kifua kikandamizwe, huku mwingine akiita msaada. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Kwa familia inayopenda safari za majini, mafunzo hayo yana maana kuliko begi jipya.

Kuoga mtoni ni kuleta kichocho nyumbani

Baada ya boti, watoto huomba kuogelea. Murchison jibu ni rahisi, kuna mamba. Jinja na fukwe za ziwa, mzazi hulegea kwa kuwa maji yanaonekana safi.

Kichocho hakionekani kwa macho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, mahali hasa watoto wanapopenda kuchezea. Huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache tu. Huku Shinyanga kichocho kinachojulikana zaidi ni cha mkojo, kile cha kukojoa damu, kinachopatikana malamboni na kwenye majaruba ya mpunga. Kando ya Ziwa Victoria kilichoenea ni cha tumbo, ambacho huharibu ini polepole bila mtoto kulalamika sana.

Dawa yake, praziquantel, ipo na inafanya kazi, lakini ina wakati wake. Huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga iliyoingia jana. Kwa hiyo kumeza dawa siku ya kurudi hakutoshi. Mtoto aliyeingia majini apelekwe kupimwa na kutibiwa wiki 6 hadi 8 baadaye. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, la sivyo itasahaulika shule zikifunguliwa. Akitokwa na vipele vinavyowasha baada ya kutoka majini, au homa na kikohozi wiki chache baadaye, mweleze daktari kwamba alioga mtoni.

Neno ambalo mzazi lazima aliseme

Haya yote yanaweza kufuatwa na bado safari ikaharibika kwenye dakika moja, ile ya ufukweni. Fedha imeshalipwa. Watoto wanarukaruka. Boti imejaa, jaketi za watoto ni mbili na watoto ni wanne. Mwenye boti anasema, "Mama, usiogope, ni hapo tu, kila siku tunakwenda." Baba anaona haya kuonekana mwoga mbele ya wageni wengine.

Hapo ndipo familia nyingi hupanda. Hakuna anayesukumwa. Aibu na fedha iliyotangulia ndizo huamua.

Dawa ya aibu hiyo ni kupanga mapema. Baba na mama wakubaliane wakiwa bado Nyasubi: mmoja wetu akisema hatupandi, hatupandi, na mwingine hatamuuliza mbele ya watu. Watoto nao waambiwe siku ya kufunga mizigo kwamba boti itapandwa kama kila mmoja ana jaketi lake, na isipokuwa hivyo watautazama mto wakiwa nchi kavu na kunywa soda. Mtoto aliyeambiwa mapema hulia kidogo. Asiyeambiwa hulia sana, na kilio chake humvunja mzazi.

Wakati wa kulipia, uliza kama fedha inarudishwa iwapo chombo hakina jaketi za watoto. Kampuni inayojali usalama itajibu bila kukasirika. Na ufukweni, sema kwa adabu lakini wazi: "Nahodha, tunaomba jaketi za watoto kwanza, ndipo tupande." Akizileta, asante. Asipozileta, subirini boti inayofuata, au tafuteni mwenye boti mwingine.

Kwa familia inayotaka kuondoka shule zikifungwa, hesabu ni hii. Mwezi mmoja kabla: hati za kusafiria, daktari kwa wenye maradhi, na chanjo. Wiki mbili kabla: chanjo iwe imeshachomwa kwa kila mmoja. Wiki moja kabla: mkoba wa dawa, chandarua, na taarifa za Wizara ya Afya. Siku ya kuondoka: makubaliano ya baba na mama kuhusu neno hilo moja. Fedha ya boti ikipotea, itatafutwa tena msimu ujao wa mpunga.